Chuo cha Kijijini na Elimu ya Kusoma Kiswahili katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Neno "chuo" limo katika majina ya karibu taasisi zote za elimu ya juu zitajwazo kwa Kiswahili. Kuna chuo kikuu, chuo cha ualimu, chuo cha ufundi na chuo cha kilimo. Walakini, kwa mzee wa Siyu, Mambrui au Vanga, chuo hasa ni baraza ya nyumba ya mwalimu, penye mkeka na watoto walioketi juu yake, kila mmoja ameinamia juzuu yake, akiyumbayumba na kusoma kwa sauti. Hapo ndipo watoto wa vijiji vya pwani walipopata elimu yao ya kwanza kwa karne nyingi, na kwa wengi wao ndiyo iliyokuwa elimu ya pekee. Chuo hicho hakikujengwa na serikali, hakikupewa mkaguzi, na mwalimu wake hakulipwa mshahara. Kiliendeshwa na wanakijiji wenyewe, kwa mali yao kidogo na kwa kadiri ya haja yao.

Makala haya yanakusudia kueleza mwendo wa chuo hicho, na hasa kufafanua jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili. Jambo lenyewe ni kwamba chuo, ingawa kilikusudiwa kufundisha Kurani peke yake, ndicho kilichowapa Waswahili uwezo wa kusoma na kuandika lugha yao wenyewe. Uwezo huo haukuwa somo. Hapakuwa na saa yake, wala kitabu chake, wala mtihani wake. Mtoto aliupata njiani, akiwa katika safari ya kutafuta jambo jingine. Kwa sababu hiyo ulipoanza kupotea hapakuwa na mtu aliyeona kwamba kuna kitu kilichoondolewa. Idara za lugha za Kiafrika haziwezi kulipuuza jambo hili, kwani sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya Kiswahili iliandikwa kwa hati ile iliyosomwa chuoni, na wanaoweza kuisoma wanazidi kupungua.

Maana ya Neno "Chuo"

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kale, na hasa katika lahaja za kaskazini, chuo maana yake ni kitabu. Utenzi wa Tambuka, ambao hati yake kongwe ina tarehe ya mwaka 1728 na ambao hunasibishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate, una jina jingine, nalo ni Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha habari za Herekali, mfalme wa Rumi. Msomaji wa leo akilisikia jina hilo huenda akadhani kwamba Herekali alikuwa na shule. Mtunzi hakukusudia hivyo hata kidogo.

Kutoka maana ya kitabu, neno likapanuka likawa mahali ambapo kitabu husomwa. Kumtia mtoto chuoni kulikuwa kumtia kitabuni, na kitabu chenyewe kilikuwa Kurani. Baadaye, katika karne ya 20, zilipohitajika istilahi za elimu ya kisasa, neno hilo likachukuliwa tena na kupandishwa daraja: chuo kikubwa kuliko vyote kikaitwa chuo kikuu. Hivyo basi kila idara ya chuo kikuu imechukua jina lake kutoka barazani kwa mwalimu wa kijijini.

Mfano mwingine ni neno "mwanazuoni". Wanafunzi wengi hulitumia bila kutambua kwamba limejengwa kutokana na "zuo", ambayo katika Kiamu na lahaja nyingine za kaskazini ndiyo "vyuo" ya Kiswahili sanifu. Mwanazuoni na mwanachuoni ni mtu yule yule. Mmoja ni mwana wa vitabu vingi, na mwingine ni mwana wa kitabu kimoja. Tofauti ni ya umoja na wingi, pamoja na ile ya lahaja.

Mwendo wa Chuo

Mtoto alipelekwa chuoni akiwa na umri wa miaka sita au saba, na wengine kabla ya hapo. Mzazi alimshika mkono akampeleka kwa mwalimu pamoja na kijizawadi, akamkabidhi kwa maneno. Husimuliwa kwamba wazazi wengi walimwambia mwalimu kuwa nyama ni yake, wao watarudishiwa mifupa, yaani ana ruhusa ya kumwadhibu mtoto apendavyo. Desturi za chuo katika pwani ya Mrima zilielezwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa eneo ambalo leo ni Tanzania Bara, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903. Mambo mengi aliyoyaeleza hayakuhitilafiana sana na yale ya vijiji vya pwani ya Kenya.

Mwalimu, au maalim kama alivyoitwa kwa heshima, hakuwa mtu aliyejitenga na maisha ya kijiji. Alikuwa na shamba lake, au alivua, au alishona kofia. Wapo waliokuwa wakishona huku wakisikiliza watoto ishirini wakisoma sehemu ishirini mbalimbali, na mmoja wao akikosea irabu moja, sindano husimama na mtoto akaambiwa arudie. Walikuwako pia walimu wa kike waliofundisha katika nyumba zao, wakisuka ukili na kusomesha wasichana pamoja na wavulana wadogo. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba elimu ya kusoma katika jamii ya Waswahili ilikuwa mali ya wanaume tu. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, haukuzuka katika jamii ambamo wanawake hawakujua kitabu.

Malipo yalikuwa machache na ya namna nyingi. Kwa kawaida Alhamisi, kabla ya mapumziko ya Ijumaa, mtoto alikuja na senti chache. Asiyekuwa na senti alileta nafaka, au nazi, au mzigo wa kuni. Mtoto alipofika katika sura fulani, mzazi wake alitoa zawadi kubwa zaidi. Wanafunzi walimtekea maji mwalimu na kumsaidia kulima. Aliyekuwa yatima au fukara hakufukuzwa, kwa kuwa kumsomesha kulihesabiwa kuwa thawabu. Kwa njia hizo kijiji kiliweza kuwa na mahali pa kusomeshea watoto hata pale ambapo fedha taslimu zilikuwa adimu.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na mpango uliojulikana na kila mtu. Mtoto alianza kwa kuimba majina ya herufi 28 za Kiarabu. Baada ya hayo alifundishwa alama za irabu, yaani fataha, kasra na dhuma, na kila herufi ikaimbwa pamoja na alama hizo tatu. Ndipo akafundishwa kuunganisha herufi, kisha akaingizwa katika sura fupi za juzuu ya mwisho, akipanda kidogo kidogo mpaka amalize juzuu zote 30. Wengine waliandikiwa somo lao juu ya ubao kwa kalamu ya mwanzi na wino uliotengenezwa kwa masizi. Somo likihifadhiwa, ubao huoshwa na somo jipya huandikwa. Mwanafunzi mkubwa alimsomesha mdogo, na kwa kufanya hivyo akakaza yale aliyoyapata yeye mwenyewe.

Siku ya kuhitimu ilikuwa siku ya kijiji kizima. Karamu iliandaliwa, mtoto akavishwa nguo mpya, na wenzake wakamsindikiza hadi kwao kwa nyimbo. Wachache waliendelea mbele katika darasa za msikitini, ambako walifundishwa fikihi, sarufi na nahau ya Kiarabu. Msikiti wa Riyadha katika mji wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh aliyefariki mwaka 1935, ulipata sifa kubwa kwa darasa za namna hiyo, na hasa kwa kuwafungulia mlango watu ambao hapo awali walihesabiwa kuwa wa daraja la chini.

Mtaalamu wa lugha akiutazama mpango huu ataona kwamba istilahi nyingi za elimu katika Kiswahili zimetoka humo. Darasa lilikuwa kikao cha kusomea kabla ya kuwa chumba chenye madawati. Juzuu ilikuwa fungu la Kurani kabla ya kuwa toleo la jarida. Irabu zilikuwa alama za juu na chini ya herufi kabla ya kuwa sauti a, e, i, o, u. Sarufi ilikuwa elimu ya mnyumbuo wa maneno ya Kiarabu, nayo nahau ilikuwa elimu ya miundo ya sentensi zake. Leo sarufi imechukua eneo lote la kanuni za lugha, na nahau, katika vitabu vya shule nchini Kenya, imebaki kuwa jina la misemo. Kuhitimu kulikuwa kumaliza Kurani, na sasa mtu huhitimu uhandisi. Maneno haya yalifika katika vitabu vya istilahi yakiwa yamekwisha kutumika vijijini kwa muda mrefu, na ndiyo maana hayakuhitaji kufafanuliwa sana.

Kutoka Kurani hadi Kiswahili

Swali kubwa la makala haya ni hili: mtoto aliyefundishwa kusoma lugha asiyoielewa alipataje kusoma lugha anayoielewa?

Wakosoaji wa chuo wamesema mara nyingi kwamba elimu yake ilikuwa ya kasuku. Mtoto aliweza kumaliza Kurani yote bila kufahamu maana ya aya moja. Neno hilo lina ukweli, na walimu wenyewe hawakulikana. Lengo la hatua ile ya kwanza lilikuwa matamshi sahihi na hifadhi. Maana iliachiwa darasa za baadaye. Lakini kutoelewa huko kulizaa tokeo ambalo wakosoaji hawakuliangalia. Mtoto anayesoma lugha yake huweza kubahatisha neno kwa kutazama mwanzo wake na kukumbuka habari iliyotangulia. Mtoto wa chuoni hakuwa na nafasi hiyo. Kwa kuwa hakujua neno litakuwa nini, alilazimika kuitazama kila herufi na kila alama, na kuitamka kama ilivyoandikwa. Miaka kadhaa ya zoezi hilo ilimpa jicho kali na mkono uliozoea umbo la maandishi.

Ikawa basi siku moja kijana huyo aliona barua iliyotoka kwa jamaa yake Unguja au Lamu. Barua hiyo ilianza kwa salamu ndefu za Kiarabu, kama ilivyokuwa ada, kisha ikaingia katika habari zenyewe kwa Kiswahili. Herufi zilikuwa zile zile alizozijua. Alizitamka moja baada ya nyingine kama alivyofunzwa, na ghafula akasikia masikioni mwake lugha ya nyumbani. Hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba sasa anajifunza kusoma Kiswahili. Alihitaji tu kuonyeshwa mara chache kwamba herufi fulani, katika Kiswahili, hubeba sauti zaidi ya moja.

Kwa njia hiyo hati ya chuoni ilienea katika shughuli zote za maisha. Iliandika barua, madeni, wasia na hati za kuuza mashamba ya minazi. Iliandika pia tenzi na mashairi, ambayo yalinakiliwa kwa mkono na kusomwa majumbani na katika hadhara. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa wanazuoni wake na kwa mafundi wa kunakili Kurani kwa hati nzuri. Huko Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alikusanya na kuandika mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka katika vinywa vya wazee, kwa hati hiyo hiyo, na kazi yake ikapitia kwa W. E. Taylor hadi ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Lau Sikujua hangefanya kazi hiyo, sehemu kubwa ya Muyaka ingalizikwa pamoja na wazee waliomkumbuka.

Upungufu wa Hati na Ujuzi wa Msomaji

Si haki kueleza hati hii bila kutaja upungufu wake. Kiarabu kina irabu fupi tatu katika maandishi, na Kiswahili kina irabu tano. Kasra ililazimika kubeba i na e, na dhuma ikabeba u na o. Tena Kiarabu hakina herufi za p, v, ch, g, ny wala ng'. Waandishi wa kale waliandika p kwa herufi ya b, v kwa herufi ya f, na g kwa herufi ya ghaini. Mara nyingi sauti ya m au n inayotangulia konsonanti, kama ilivyo katika "mb" na "nd", haikuandikwa kabisa.

Matokeo yake ni kwamba umbo moja liliweza kusomwa kwa njia nyingi. Pita na peta, kuku na koko, fua na vua, pata na bata, kila jozi ya maneno haya iliweza kuandikwa kwa namna moja. Mgeni aliyejua herufi bila kuijua lugha asingeweza kusoma mstari mmoja kwa uhakika. Hapo ndipo hali ya chuoni ilipogeuka kinyume. Kurani mtoto aliisoma kwa sababu maandishi yalikuwa kamili, ingawa hakuelewa. Kiswahili alikisoma kwa sababu alielewa, ingawa maandishi hayakuwa kamili. Palipopungua herufi, ujuzi wa lugha ulijaza.

Katika ushairi kulikuwa na msaada mwingine. Mtenzi una vipande vinne katika ubeti, na kila kipande kina mizani minane. Vina hurejea mahali pake bila kukosa. Msomaji aliyekuwa na mahadhi ya utenzi kichwani alijua neno lenye silabi mbili halitoshi mahali pa silabi tatu, na alijua kwamba kina cha "-ni" hakiwezi kugeuka kuwa "-ne". Arudhi ilifanya sehemu ya kazi ya irabu. Hivyo basi anayefundishwa hati hii bila kufundishwa ushairi amepewa nusu ya ufunguo.

Wenyeji wenyewe waliutambua upungufu huo na kuushughulikia. Waandishi wa Mombasa waliongeza nukta na alama za kutenga p na b, v na f, e na i, wakichukua baadhi ya maumbo yaliyotumiwa katika maandishi ya Kiajemi. Mageuzi hayo yalionyesha kwamba hati hii ilikuwa hai mikononi mwa watu, na kwamba iliweza kutengenezwa. Lakini yalikuja wakati ambapo hati nyingine ilikuwa imekwisha kushika njia kuu.

Mabadiliko Mawili

Badiliko la kwanza lilitoka nje. Wamisheni walikuwa wamekwisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi katika karne ya 19. Sarufi ya Edward Steere ilitoka mwaka 1870, na kamusi ya Krapf mwaka 1882. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia vitabu vya shule kwa herufi za Kirumi. Faida za mpango huo haziwezi kukanwa. Kiswahili kilipata maendelezo ya namna moja, uchapaji ukawa rahisi, na watu wa bara ambao hawakupita chuoni wakapata mlango wa kuingilia. Lakini mtu aliyeweza kuandika barua, kusoma utenzi na kuweka hesabu za duka kwa hati ya chuoni akajikuta, mbele ya afisa na mbele ya fomu, anahesabiwa pamoja na wasiojua kusoma.

Badiliko la pili lilitoka ndani, na hili halitajwi mara nyingi. Wanazuoni wa pwani wenyewe waliona kwamba mafunzo ya chuo yalihitaji kutengenezwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alihimiza kwa bidii elimu yenye maana badala ya hifadhi tupu. Polepole madrasa za kisasa zikaanzishwa, zenye madarasa kwa umri, ubao wa chaki, vitabu vilivyochapishwa na mitihani. Watoto wakafundishwa Kiarabu kama lugha, pamoja na fikihi na historia ya Uislamu. Kwa upande wa dini hayo yalikuwa maendeleo makubwa, na wazazi wa vijijini waliyapokea kwa furaha.

Kwa upande wa Kiswahili, mageuzi hayo yalikuwa na tokeo ambalo hayakulikusudia. Vitabu vya dini vilivyoandikwa kwa Kiswahili vilizidi kuchapishwa kwa herufi za Kirumi, na Sheikh Al-Amin mwenyewe ni miongoni mwa walioandika kwa Kiswahili ili watu wa kawaida wafahamu. Hati ya Kiarabu ikabaki kwa Kiarabu, na herufi za Kirumi zikawa za Kiswahili. Mtoto wa madrasa leo huijua hati moja kutoka madrasani na nyingine kutoka shuleni, wala haoni sababu ya kuzikutanisha. Ile nafasi iliyokuwako kati ya juzuu na barua ya jamaa, ambamo kusoma Kiswahili kulijizalia wenyewe, imefungika bila mtu yeyote kuamua kuifunga.

Tangu elimu ya msingi ya bure ianzishwe mwaka 2003, watoto wengi zaidi wa vijijini wamekuwa shuleni mchana kutwa, na saa za madrasa zimesogezwa hadi jioni na siku za mwisho wa juma. Hata hivyo, desturi ya kijiji kusimamia elimu ya watoto wake haijafa. Katika miaka ya 1980 ulianzishwa Mombasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, mpango wa shule za awali zilizojengwa juu ya msingi wa madrasa na kusimamiwa na kamati za wenyeji, na mpango huo ulienea baadaye hadi Zanzibar na Uganda. Jambo hilo ni ushahidi kwamba umbo la chuo, yaani mahali padogo, mwalimu wa kijiji na mchango wa wazazi, bado lina nguvu ya kubeba somo jipya likiwekwa ndani yake.

Yaliyosalia na Yafaayo Kufanywa

Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zimehifadhiwa kwa wingi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Shule ya Mafunzo ya Mashariki na Afrika, London. Katika muongo wa 2010 hati za msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Nyingine zimo bado katika makasha ya watu binafsi, zikigombaniwa na mchwa na hewa ya chumvi. Kuhifadhi ni jambo la kushukuriwa. Lakini picha ya ukurasa si usomaji wa ukurasa. Karatasi ambayo hakuna awezaye kuisoma itabaki kimya iwe imo kashani Pate au imo katika tarakilishi.

Mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vingi huweza kupata shahada, na hata shahada ya pili, bila kusoma mstari mmoja wa utenzi wa kale kama ulivyoandikwa. Huusoma kwa herufi za Kirumi, katika toleo la mhariri fulani. Palipokuwa na "pita" au "peta", mhariri amekwisha kuchagua. Palipokosekana m au n, mhariri amekwisha kutia. Huenda alichagua vyema. Mwanafunzi hana njia ya kujua. Kwa hiyo uhakiki mwingi umejengwa juu ya maamuzi ambayo mhakiki hayaoni, na wala hajui kwamba yalifanywa.

Hali hii haihitaji mpango mkubwa ili irekebishwe. Kwanza, idara ya Kiswahili yaweza kuweka kozi moja ya kusoma hati hii, ikifundishwa sambamba na arudhi kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Mwanafunzi aliyepita madrasani ana nusu ya kazi mkononi tayari. Yule asiyepita aweza kujifunza herufi katika muhula mmoja.

Pili, wazee wa kike na wa kiume waliosoma chuoni kwa mtindo wa zamani waalikwe kama walimu, walipwe kama walimu, wala wasitumiwe kama watoa habari wa kuhojiwa siku moja na kusahauliwa. Usomaji wao una mahadhi, vituo na masahihisho ambayo hayamo katika karatasi. Kila mmoja wao anapoondoka, huondoka na njia ya kuamua kati ya pita na peta.

Tatu, msamiati wa chuo ukusanywe kijiji kwa kijiji na lahaja kwa lahaja, tangu Kiunga hadi Vanga: majina ya alama, ya hatua za kusoma, ya vifaa, ya makosa na ya adhabu. Kazi hiyo itawafaa watunga istilahi, ambao mara nyingi husafiri mbali kutafuta maneno yaliyo karibu.

Nne, kamati za madrasa za vijijini zaweza kushauriwa, kwa adabu na bila kulazimishwa, kuwapa watoto wakubwa saa moja kwa juma ya kusoma Kiswahili kwa herufi wanazozijua tayari. Uamuzi ni wao, kwani chuo ni chao tangu mwanzo. Likifanyika hilo, somo ambalo zamani lilijileta lenyewe litakuwa limepewa mahali pake kwa mara ya kwanza, na mtoto atakayelipata huenda siku moja akafungua kasha la babu yake na kumsomea mama yake yaliyomo.